Asilimia Mbili

Kibanda changu kina upana wa mikono miwili,
sokoni La Paz, mjini Iloilo,
kati ya mama wa supu ya tambi na fundi cherehani.
Nafufua simu zilizokufa.
Mteja akikosekana, nafungua mchezo.

Mpiganaji wangu ni Dalisay:
kipofu, mwembamba, fimbo mbili za henzirani.
Hana mabawa, hana moto,
pigo lake halimwamshi hata paka.
Siri yake ni kupangua.
Ngumi ya mwenzako ikikaribia ngozi,
si kabla, si baada,
unagusa kioo mara moja tu
na nguvu zote alizokuja nazo zinamrudia mwenyewe.
Ukiwahi, umeumia. Ukichelewa, umelala.

Miaka mitatu nilimsomea mwanamke huyo.
Nilijua Mtawa Mwekundu huvuta pumzi kabla ya teke,
nilijua jitu la barafu hushusha bega la kushoto
kama mtu aliyekumbuka deni.
Kidole gumba kikaota sugu.
Felisa akaniuliza kama nimeoa wake wawili.
Nikapanda ngazi kwa ngazi, sijalipa hata senti,
hadi wanafunzi wa chuo wakawa wanakuja na simu nzima,
wakisingizia chaji haiingii,
ili wasimame nyuma yangu watazame.

Mwezi wa Juni wakamleta Malkia Radi.
Huyo hujipangulia.
Umvizie, usimvizie, anajua kabla yako,
na mwenye simu hana kazi ila kuwa na simu.
Bei yake: kipato changu cha siku tisa.

Renzo, mtoto wa mama wa supu, ana miaka kumi na mmoja.
Shangazi yake, anayetunza wazee Taipei,
alimtumia pesa za siku ya kuzaliwa.
Alinipiga raundi tatu kwa kidole kimoja,
mkono wa pili umeshika kijiti cha ndizi ya sukari.
Hakunitazama. Hata Malkia hakumtazama,
alikuwa anachunga sukari isimdondokee shatini.

Sikumchukia.
Mimi wa umri ule ningeuza meno yangu ya mbele.

“Nong Pulo,” akasema, “huyo kipofu si umwache?”
Nilikuwa na bodi chini ya lenzi,
nachomea kitu kidogo kuliko punje ya ufuta,
nimebana pumzi.
Sikumjibu.
Mwenye simu alikuwa amesimama palepale,
anauliza dukani mpya zinauzwaje.

Watu walilalamika, nadhani, maana toleo la Agosti
lilikuja na mstari mmoja, chini kabisa,
baada ya mavazi mapya ya Malkia:
*Dalisay, nguvu za pigo zimeongezwa asilimia mbili.*
Nilicheka hadi fundi cherehani akasimamisha mguu.
Asilimia mbili!
Kipofu kaongezewa taa.
Nani aliomba nguvu?
Niliomba kungojea kuwe na maana,
kwamba ule upenyo, mwembamba kama ukucha wa mtoto,
uendelee kuwa mlango.

Sasa nampeleka ukumbi wa mazoezi,
mbele ya sanamu la mbao lisilokasirika.
Napangua mara mia, mara mia na kumi.
Alama haziandikwi.
Vijana wa chuo siku hizi chaji zao zinaingia.

Jana usiku mvua ilipiga mabati, umeme ukakatika,
nikalala simu ikiwa mbali, imezima.
Alfajiri Felisa akaniambia, mgongo kanipa:
“Umepigana tena. Begani kwangu.
Unagonga mara mbili, unatulia, unagonga moja.”
Nikamwomba radhi.
“Sikuamka kwa kugonga,” akasema.
“Niliamka ulipotulia. Nikawa nangoja ile moja.”
Kimya kidogo.
“Ikaja mahali pake.”